Kompyuta Ilizimwa Ukutani, Radi Ikaiunguza

SWALI: Ndugu Mhariri, masika iliyopita radi ilipiga usiku karibu na nyumba yetu hapa Bukoba. Kompyuta ilikuwa imezimwa kwenye swichi ya ukutani, tena imechomekwa kwenye stabilaiza, lakini asubuhi haikuwaka na fundi akasema imeungua. Umeme ulipita wapi? Je, nikinunua UPS, kile kifaa chenye betri, nitakuwa salama?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Ndugu msomaji, swichi ya ukutani kwa kawaida hukata waya mmoja tu, ule wenye moto, huku nyutro (waya wa kurudisha umeme) na ethi (waya unaoingia ardhini) zikibaki zimeungana na kompyuta. Isitoshe, uwazi uliomo ndani ya swichi ni wa milimita chache, na msukumo wa maelfu ya volti huweza kuuruka. Wala si lazima radi iipige nyumba yenyewe, kwa kuwa ikipiga nguzo au ardhi ya jirani huweza kuamsha umeme wa ghafla katika kila waya mrefu ulio karibu.

Stabilaiza ina kazi nyingine. Husawazisha umeme unaopanda na kushuka ili ubaki karibu na volti 230, lakini msukumo wa radi hufika kileleni ndani ya mikrosekunde chache, kabla stabilaiza haijawahi kufanya lolote. UPS nayo ni ya kukuwezesha kuhifadhi kazi umeme unapokatika. Baadhi zina kinga ndogo ndani yake, ila usiitegemee peke yake. Kifaa unachokihitaji ni kinga ya umeme wa ghafla, ambayo huutupa umeme uliozidi kwenye ethi. Kwa hiyo, nyumba isiyo na ethi nzuri, au plagi iliyokatwa mguu wa tatu, huipunguzia kinga hiyo nguvu sana. Kinga huchakaa pia kila inapopokea pigo, na taa yake ya kuonyesha uzima ikizimika sharti ibadilishwe. Ekstensheni ya kawaida yenye taa nyekundu si kinga, hata muuzaji akiapa.

Hukutaja kebo ya intaneti. Wengi huchomoa plagi wakaisahau kebo hiyo, hasa inayoshuka kutoka kwenye antena ya paani, nayo ni njia ya pili ya radi kuingia ndani ya kompyuta.

Radi ikipiga nyumba moja kwa moja, hakuna kifaa cha dukani cha kutumainiwa. Dawa ni kuchomoa vyote, plagi na kebo. Kwenu mawingu mengi huumbika ziwani usiku na kufika ufukwe wa magharibi alfajiri, watu wakiwa wamelala, kwa hiyo chomoa kabla ya kwenda kulala. Ngurumo ikikukuta macho, hesabu sekunde kutoka mwanga hadi mlio: kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, radi imekwisha kukaribia, basi usiziguse nyaya. Afadhali kompyuta iungue kuliko wewe. Kwa sababu hiyo hiyo, nakala za mafaili yako ziweke kwenye diski ya nje isiyoachwa imechomekwa, na umwite fundi mwenye leseni aipime ethi ya nyumba kabla hujanunua kinga yoyote.