Mshale wa Kwanza Ndio Umbali Wako

Kila asubuhi, misuli ikiwa bado imelala, natoka nje na upinde na mshale mmoja tu. Navuta, naachia, basi. Sipigi wa pili. Nakwenda kutazama ulipoingia, kisha naandika kwenye daftari: umbali niliosimama, na kama mshale umeingia ndani ya duara la sentimita 20 au umetoka nje. Duara hilo ni kama ukubwa wa mapafu na moyo wa kulungu anapokuwa amesimama ubavu.

Mazoezi ya jioni nayafanya pia, mishale thelathini, arobaini, na nayapenda sana. Lakini hayo hayaniambii niwinde kwa umbali gani. Ukishapiga mishale sita kutoka mahali pale pale, mkono unajirekebisha wenyewe, na wa saba ukigonga katikati unadhani umeiva. Kulungu hakupi mishale sita. Anatokea baada ya saa tatu za baridi, vidole vimekufa ganzi, moyo unadunda hadi masikioni, na kilichomo mkononi mwako ni ule wa kwanza. Kwa upinde wa asili, usio na magurudumu kama ya pinde za kisasa wala kitu chochote cha kulengea, mshale huo wa kwanza ndio unaosema ukweli kuhusu wewe.

Umbali wangu ni mita 16. Miaka tisa ya upinde, na bado ni 16, kwa sababu hapo ndipo daftari linaonyesha asubuhi tisa kati ya kumi mshale uko ndani. Wako unaweza kuwa mita 12. Mita 12 zinatosha kabisa kuwinda nazo, ukikubali kuwa hizo ndizo zako.

Mimi sikukubali mapema, na aliyelipa ni mnyama.

Ilikuwa msimu wangu wa pili. Dume alitoka vichakani akasimama ukingoni mwa uwazi, ubavu wote uko wazi, kichwa kimeinuka, masikio yamesimama. Baadaye nilipima: mita 27. Jioni ya siku iliyotangulia nilikuwa nimeingiza mishale minne kwenye duara kwa umbali kama huo, nikajiona nimefika. Nikavuta.

Hesabu yake ni hii, na laiti mtu angenipigia kabla. Mshale wa upinde kama wangu huenda karibu mita 50 kwa sekunde. Sauti huenda 340. Kwa mita 27, kulungu anausikia mlio wa upote, yaani kamba ya upinde, halafu anabaki na karibu nusu sekunde nzima kabla mshale haujamfikia. Kulungu aliyetulia anaweza asishtuke. Huyu alikuwa macho, masikio juu. Alichuchumaa ili ajirushe, akajigeuza, na mshale uliokuwa unakwenda mapafuni ukaingia tumboni. Nilisikia mlio mzito wa chini, kama mtu anayepiga mto kwa kiganja. Akaondoka akitembea taratibu, mgongo umepinda juu.

Kosa langu la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nilingoja dakika ishirini tu, nikaanza kumfuata. Nilipofika mahali alipolala nilikuta majani yamebonyea, bado yana joto, damu nyeusi imechanganyika na majimaji ya kijani. Alikuwa amelala pale na angefia pale. Alinisikia nakuja, akainuka. Kutoka hapo damu ilizidi kuwa haba, tone moja kila hatua ishirini, halafu hakuna. Mvua ikanyesha usiku. Nilitafuta siku mbili, nikipiga magoti chini ya kila kichaka. Sikumpata.

Kwa hiyo nakuomba ujifunze kusoma damu kabla hujaenda kuwinda. Ukishapiga, usiondoke mara moja ulipo, usiite mtu. Kumbuka aliposimama, na kumbuka mahali pa mwisho ulipomwona. Kisha uokote mshale wako, uutazame na uunuse. Damu nyekundu yenye mapovu ni ya mapafu. Hata hapo ngoja nusu saa. Nyekundu iliyokolea, inayokaribia rangi ya ini lenyewe, ni ya ini. Mpe muda wa saa tatu au nne. Ukiona ukijani, au mshale unanuka uchafu wa tumbo, rudi nyuma kwa njia uliyojia, kimya kimya, na usirudi kabla ya muda wa saa 8 hadi 12 kupita. Utakaa na uchungu muda wote huo. Kaa nao. Anayelala mwenyewe bila kusumbuliwa hatembei mbali. Unapofuata, acha kipande kidogo cha karatasi laini kwenye kila tone: damu ikipotea, geuka nyuma, na mstari wa karatasi utakuonyesha alikokuwa anaelekea. Vikusanye ukimaliza.

Kuhusu upinde wenyewe nitasema machache, maana watu hutumia miezi wakibishana kama ni bora ule mrefu wa mti mmoja au ule wenye ncha zilizojikunja mbele. Chukua unaokupendeza. Kinachoharibu wengi ni uzito wa kuvuta. Mtu ananunua upinde wa ratili 55 kwa sababu ya kujivuna, kisha mkono unatetemeka kabla hajafika mwisho wa kuvuta. Ratili 40 hadi 45, karibu kilo 18 hadi 20, zinamtosha kulungu kama mshale ni mzito na kigumba, ile ncha ya chuma, kimenolewa. Angalia pia: uzito unaoandikwa kwenye upinde hupimwa ukiwa umevutwa inchi 28. Mikono yako ikiwa mifupi na unavuta 26, unapoteza ratili mbili au tatu kwa kila inchi. Mshale wangu una gramu 30 hivi pamoja na kigumba. Ni mzito, unakwenda polepole, na unapenya. Kigumba nakitaka cha makali mawili, nakinoa kwa tupa kisha kwa jiwe mpaka kinyoe malaika ya mkono bila kukwaruza. Kisiponyoa, hakitoki podoni. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi; unaua kwa kukata, na makali butu yanausukuma mshipa pembeni badala ya kuukata.

Na kabla ya vyote: kibali, msimu, na masharti ya upinde pale unapowinda. Kuna nchi ambazo uwindaji wa upinde hauruhusiwi kabisa. Ukiwa huko, piga shabaha.

Baada ya lile dume sikumfuma kulungu msimu mzima uliofuata. Niliwinda sungura na kindi, na huko ndiko nilikojifunza upinde kweli. Watu huwadharau wanyama hawa wadogo, nami nasema hakuna shule inayowazidi. Kulungu ukimpata mara mbili kwa msimu umebahatika. Sungura wanakupa nafasi tano kwa asubuhi moja, kila nafasi kwa umbali mwingine na pembe nyingine, na kila mara ni mshale wa kwanza. Wapige kwa mshale wenye kichwa butu cha mpira mgumu au chuma. Kindi akiwa mtini tumia mshale uliofungwa manyoya mapana, mengi, yasiyopunguzwa: unakwenda kasi mita ishirini za mwanzo kisha upepo unaushika, unaanguka karibu. Kigumba chenye makali kamwe usikielekeze juu, hujui kinatua wapi.

Siku zisizo na windo nilitembea msituni nikipiga visiki vilivyooza. Unachagua jani moja kwenye kisiki, unasimama ulipo, unapiga, unahama. Hupimi. Macho yote mawili yako wazi, kidole cha kati kinagusa pembe ya mdomo pale pale kila mara, na unalitazama lile jani mpaka ulione mshipa wake wa katikati. Ukitazama kisiki kizima, mshale utaingia popote kwenye kisiki. Ukimtazama kulungu mzima ni hivyo hivyo. Mimi huchagua kikunjo kimoja cha manyoya nyuma ya bega na sioni kingine.

Mwaka 1911, kule Kalifonia, alijitokeza mtu aliyekuwa wa mwisho wa kabila lake, Wayahi, naye akaitwa Ishi. Daktari Saxton Pope alijifunza upinde kutoka kwake, na kwa njia hiyo uwindaji wa upinde ukaamka tena Marekani. Kinachonigusa katika masimulizi ya Pope si ufundi wa kulenga. Ni namna Ishi alivyokaribia. Alibana vidole midomoni akatoa mlio kama wa sungura aliyeumia, na wanyama wakamjia wenyewe. Kabla ya kuwinda hakula samaki wala hakuvuta tumbaku, na alioga. Huyo hakuwa akitafuta mita za ziada. Alikuwa akizipunguza.

Basi kazi ya mwindaji wa upinde wa asili, kubwa kuliko zote, ni kupunguza mita. Beba unga kidogo kwenye kichupa, uupulize, uone hewa inakwenda wapi. Rudia kila robo saa. Penye mteremko, hewa ya alfajiri hushuka na baridi, jua likishapasha ardhi hupanda, kwa hiyo mahali pazuri pa saa kumi na mbili huweza kukusaliti saa tatu. Ukinyatia, songa mnyama akiwa ameinamisha kichwa. Mara nyingi hutikisa mkia kabla ya kukiinua. Ukiuona mkia, ganda hapo ulipo, hata mguu ukiwa hewani.

Ukiotea juu ya dungu la mtini, jifunge mkanda kabla mguu haujaacha ardhi, na usiufungue hadi urudi chini. Kuanguka kumevunja wawindaji wengi. Halafu ukiwa juu, bila mnyama yeyote, vuta upinde kila upande. Ncha ya chini ya upinde mrefu hupenda kugonga ubao au goti lako wakati usioutaka. Kupiga kuelekea chini, pinda kiunoni. Ukishusha mkono peke yake, unavuta pungufu na mshale hauendi unapotaka.

Msimu wa nne, jike mmoja alinijia chini ya dungu asubuhi ya ukungu. Mita 13. Alisimama amenielekea, kifua mbele. Hapo mifupa ya kifua na mabega huacha nafasi ndogo mno, sikuvuta. Akala majani. Nilihesabu pumzi zangu zikafika sitini na kitu, mkono wa upinde unaanza kuuma. Kichwa chake kikapita nyuma ya shina la mti nikavuta. Alipotoka upande wa pili ubavu ulikuwa umenigeukia, mguu wa mbele umetangulia. Kikunjo kimoja cha manyoya. Sikumbuki kuachia upote.

Alikimbia, matawi yakavunjika, pakawa kimya. Mshale ulikuwa umechomeka ardhini ng'ambo ya alipokuwa, manyoya yake yamelowa mapovu mekundu, nami niliweza kuyaona kutoka juu. Nilitazama saa, nikakaa. Dakika thelathini na tano. Niliposhuka, nilihesabu hatua kutoka kwenye mshale hadi alipolala: sitini na mbili.