Jibu: Ndevu za kijana wa miaka 17 na sindano za jimu

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 17, ambaye sauti imeshakuwa nzito lakini hana ndevu, achomwe sindano ya testosteroni (homoni ya kiume) inayouzwa huko jimu. Tafadhali mzuie.

Sauti nzito ni dalili kwamba homoni yake inafanya kazi. Kwa mvulana, korodani ndizo hukua kwanza, kwa kawaida kati ya miaka 9 na 14, kisha nywele za siri, kimo, mabega na misuli. Ndevu huchelewa, na kwa wengi hazijazi mpaka wavuke miaka 20. Tena wingi wake hutegemea sana jinsi vinyweleo vinavyoipokea homoni, na hilo ni la kurithi. Watazameni baba na wajomba zenu kwanza.

Sindano ndiyo inayonitia hofu. Ubongo ukihisi testosteroni imejaa kwenye damu, huacha kuziamuru korodani. Zinasinyaa, na mbegu za uzazi hupungua, pengine zikaisha kabisa. Na kwa kijana ambaye bado anarefuka, homoni ya ziada huharakisha kufunga sehemu za mifupa zinazokua, akabaki mfupi kuliko alivyopaswa kuwa. Wauzaji hawamwambii hayo!

Angefika miaka 14 bila dalili yoyote ya kubalehe, hapo daktari angehitajika. Ukiwa bado na wasiwasi, mpeleke hospitali ya rufaa hapo Jinja, apimwe damu asubuhi, wakati homoni hiyo huwa juu.