Maswali na Majibu: Joto la Prosesa na Kelele za Feni katika Kompyuta Ndogo ya Gemu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji waliojenga kompyuta za gemu ndani ya makasha madogo, yale yanayopokea ubao mama wa Mini-ITX wenye milimita 170 kila upande. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Nina prosesa ya AMD, Ryzen 7 7700X, chini ya kipozeo (chuma chenye feni kinachoondoa joto la prosesa) chenye kimo cha milimita 37. Nikihariri video, prosesa hupanda hadi nyuzi 95 na kukaa papo hapo. Je, itaungua?

Haitaungua. AMD wameiwekea prosesa hiyo kikomo cha nyuzi 95 za Selsiasi, nayo imesanifiwa kuongeza kasi mpaka igote kwenye kikomo kimojawapo, kiwe cha umeme au cha joto. Ikigota kwenye cha joto hujipunguzia kasi yenyewe, na joto likizidi kupita kiasi kompyuta huzimika. Kwa hiyo namba hiyo, wakati wa kazi nzito kama kuhariri video, inakueleza kwamba kipozeo kimefika mwisho wa uwezo wake. Vikomo havilingani kwa prosesa zote: Ryzen 7 7800X3D, ambayo imebandikiwa kumbukumbu ya ziada juu ya chipu, huishia nyuzi 89, ilhali Core i7 za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 huruhusiwa kufika 100.

Ingekuwa unafika 95 ukicheza gemu jepesi, ningekujibu vingine. Gemu mara nyingi halitumii viini vyote vya prosesa, yaani sehemu zake za kukokotoa, kwa ukamilifu, hivyo joto la namna hiyo huashiria skrubu zisizokazwa sawasawa, grisi ya joto (ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo) iliyokauka, au ile karatasi ya plastiki ya kukinga iliyosahauliwa chini ya kipozeo. Hilo la plastiki huwapata hata mafundi wazoefu, kwa hiyo usione haya kufungua na kutazama.

Sina pesa ya kipozeo kingine, na kasha halipokei kirefu zaidi. Nifanyeje?

Punguza wati kabla ya kufikiria kitu kingine chochote, kwa sababu kila wati ambayo prosesa haikuitumia ni joto ambalo feni haina haja ya kulitoa. Ryzen 7 7700X imeandikwa wati 105 kwenye boksi, lakini kwa hali yake ya kiwandani huruhusiwa kuvuta hadi wati 142. Ingia kwenye bayosi, ile menyu ya mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kompyuta inapowaka, utafute Eco Mode, mpangilio wa kupunguza umeme, na uchague ngazi ya wati 65. Kama ilivyo kwa 105 na 142, kikomo halisi huwa juu ya namba ya ngazi, hivyo kitashuka hadi wati 88. Wengi huogopa hatua hii wakidhani watapoteza nusu ya kasi, jambo ambalo si kweli. Matumizi ya umeme hukua kwa mraba wa volteji, na zile megahezi mia chache za mwisho ndizo zinazodai volteji kubwa kuliko zote, kwa hiyo ukiziacha unaokoa joto jingi kwa hasara ndogo. Ushahidi unatoka kwa AMD wenyewe: Ryzen 7 7700 isiyo na X ina viini 8 vilevile, inafanya kazi ndani ya wati 88, na kasi yake ya juu ni gigahezi 5.3 dhidi ya 5.4 za mwenzake. Katika gemu, ambako kadi ya michoro ndiyo kwa kawaida huamua idadi ya fremu, yaani picha zinazotolewa kila sekunde, tofauti hiyo ni vigumu kuihisi.

Ukitaka kuendelea, tumia Curve Optimizer, mpangilio mwingine wa AMD kwenye bayosi, kushusha volteji hatua kwa hatua, ukianzia hasi 10 kwa viini vyote. Usinakili namba za mtu mwingine, kwani kila chipu ina tabia yake. Pia usiridhike kwa sababu imestahimili jaribio zito la nusu saa: volteji iliyoshushwa kupita kiasi mara nyingi huangusha kompyuta ikiwa imetulia, umefungua kivinjari tu.

Joto halinisumbui, kinachonikera ni feni kupaa na kushuka kila baada ya sekunde chache, hata nikiwa naandika barua.

Hili ndilo lalamiko ninaloliona la haki kuliko yote, maana sikio huzoea mvumo ulio sawa lakini halizoei mvumo unaobadilika. Chanzo chake ni udogo wa chipu. Viini vya Ryzen za mfululizo wa 7000 vimebanwa kwenye kipande cha takribani milimita 70 za mraba, kwa hiyo kufungua programu moja kunatosha kurusha joto nyuzi 10 au 15 kwa kufumba na kufumbua, kisha likaanguka kabla hata chuma cha kipozeo hakijapata moto. Feni inakimbizana na kivuli.

Kwenye bayosi, sehemu ya feni, tafuta mpangilio wa kuchelewesha mabadiliko ya kasi, na uuweke sekunde kadhaa. Kisha ichore upya grafu ya kasi: iwe tambarare hadi nyuzi 70 hivi, ndipo ianze kupanda taratibu. Kumbuka kwamba kupunguza mizunguko ya feni kwa nusu hushusha kelele yake kwa takribani desibeli 15, na hiyo ni tofauti ya kusikika na kutosikika. Kama kelele inatoka kwenye kadi ya michoro, weka kikomo cha fremu kinacholingana na skrini yako. Kuzalisha fremu 140 kwa skrini ya hezi 60, inayoonyesha 60 tu kwa sekunde, ni kuchoma umeme bure.

Naishi Mombasa, chumba hakina kiyoyozi. Vipimo vya kwenye intaneti vinanihusu?

Vinakuhusu ukivirekebisha. Kipozeo hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba, hivyo kipimo kilichofanywa kwenye nyuzi 21 kiongezee takribani nyuzi 10 ikiwa chumba chako kina 31. Pangaboi halipoozi hewa, ila linasaidia kuondoa ile ya moto iliyotuama nyuma ya kasha, mradi hukulisukumiza kasha ukutani. Safisha vumbi kwa brashi kavu kila mwezi au miwili, ukiwa umeizuia feni kwa kidole isizunguke.

Feni ya kipozeo ivute hewa kutoka nje au iitoe?

Ikiwa kipozeo kiko karibu na ubavu wenye matundu, mara nyingi ni bora ivute, ipate hewa mbichi badala ya ile iliyokwisha kupashwa na kadi ya michoro. Ziba pengo kati ya feni na ubavu kwa ukanda wa sponji ili isirudie kunyonya hewa yake yenyewe. Ikianza kupiga mluzi, feni imekaribia matundu mno. Milimita chache za nafasi hutosha kuunyamazisha.