Maswali ya Wasomaji: Makala ya Bure Usiyoiagiza

Safari hii tumechagua barua tano za wasomaji wa Tanga na Bagamoyo wanaoendesha blogu zao wenyewe. Zote zinazunguka jambo moja: watu wasiojulikana wanaobisha hodi wakiomba kuandika, au kupachika linki, kwenye ukurasa wa mtu.

Nina blogu ya Kiswahili kuhusu Tanga: Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, mapishi ya nyumbani. Wasomaji wangu si wengi. Hata hivyo kila wiki napata barua pepe za Kiingereza zinazosifu makala zangu na kuomba waniandikie moja bure. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wanamponya nani? — Msomaji, Ngamiani, Tanga

Wanajiponya wenyewe. Anayekuandikia hivyo hana haja na wasomaji wako. Anachotaka ni linki moja, itakayokaa aya ya tatu au ya nne, inayoelekea kwenye tovuti ya mteja wake. Google huhesabu linki zinazoelekea kwenye tovuti kama kigezo kimojawapo cha kuipandisha kwenye matokeo, kwa hiyo linki kutoka blogu ya kweli, inayoandikwa na mtu wa kweli, ina bei sokoni. Huyo anayekuandikia ni wakala: analipwa na mteja, kisha anatafuta blogu itakayoitoa bure. Tofauti inabaki mfukoni mwake.

Udogo wa blogu haukukingi, kwa sababu hakuna aliyeichagua. Programu imepekua mtandao, ikaokota anwani na vichwa vya makala, ikavipachika kwenye barua iliyoandikwa zamani. Ikague barua yenyewe. Kwa kawaida, ukiitafsiri kutoka Kiingereza, inakwenda hivi: “Mpendwa Admin, nimefurahia sana makala yako ‘Siku moja Tongoni’ na nimejifunza mengi. Naweza kukuandikia makala ya kipekee ya maneno 1,000 bila malipo. Ninachoomba ni linki moja tu ya dofollow. Mada: Faida saba za kusafiri, Jinsi ya kuchagua mkopo, Kasino kwa wanaoanza.”

Mtu aliyeisoma Tongoni kweli angejua kuwa blogu ni ya Kiswahili, na angetaja kaburi, mnara au njia ya Pangani, kitu chochote kilichomo ndani. Huyu ametaja kichwa cha habari tu. Mada zake hazina uhusiano na Tanga wala na mapishi. Na hilo neno dofollow, yaani linki isiyowekewa alama ya kuizuia isihesabiwe na Google, halimo midomoni mwa watu wanaopenda kuandika. Ni neno la wafanyabiashara wa linki. Ukilikuta, huna haja ya kuendelea kusoma. Vivyo hivyo akikutajia DA ya blogu yako: hicho (Domain Authority) ni kipimo cha nguvu ya tovuti kilichobuniwa na kampuni ya Moz, cha 1 hadi 100, wala si cha Google.

Hasara yake je? Google imeweka wazi kwenye kanuni zake kwamba makala za wageni zinazochapishwa kwa wingi kwa ajili ya linki ni udanganyifu. Januari 2014 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi chake cha kupambana na spamu, aliandika hadharani kwamba njia hiyo imekwisha. Mkaguzi wa Google akiona blogu inatoa linki za namna hiyo, anaweza kuiwekea adhabu ya mkono, yaani inayotolewa na mtu wala si programu, na makala zako za Amboni zikaporomoka kwenye matokeo pamoja na hizo za mikopo. Adhabu inamwangukia mwenye blogu. Wakala ana orodha ndefu ya wengine.

Niwajibu “hapana, asante” au ninyamaze? Wengine wanarudi mara tatu, nne, wakiuliza kama nimeiona barua yao. — Msomaji, Chumbageni, Tanga

Nyamaza. Tunajua kwa malezi ya pwani kutojibu salamu ni utovu wa adabu, ila hapo hakuna aliyekusalimu. Barua za “je, umeiona barua yangu?” hutumwa na programu iliyopangiwa siku, na kwa kawaida hukoma zenyewe baada ya tatu au nne. Ukijibu, hata kwa kukataa, programu inasimama na binadamu anashika zamu. Sasa anajua anwani iko hai na mwenyewe anasoma, basi anaanza kupandisha bei. Usibonyeze pia linki ya “jiondoe” kwenye barua ya mtu usiyemjua. Iripoti kuwa ni spamu, inatosha.

Kwa Gmail, tengeneza kichujio. Tumia kompyuta, au fungua Gmail kwenye kivinjari cha simu kwa mwonekano wa kompyuta, kwa sababu programu ya Gmail ya simu haina sehemu ya kuunda vichujio. Bonyeza alama iliyo mwisho wa kisanduku cha kutafutia. Penye nafasi ya maneno yaliyomo, andika: "guest post" OR "sponsored post" OR "link insertion" OR dofollow. Alama za kunukuu zisikosekane, la sivyo kila neno litatafutwa peke yake badala ya fungu zima. OR iwe kwa herufi kubwa. Kisha chagua barua zipite bila kuingia kikasha kikuu na zipewe lebo, tuseme “Wageni”. Usichague zifutwe; mara moja moja humo huangukia barua ya mtu wa kweli. Pitia lebo hiyo mara moja kwa mwezi.

Halafu, kwenye mipangilio ya Gmail, chagua picha zisifunguke mpaka uulizwe. Barua nyingi za aina hii zina picha ya nukta moja isiyoonekana, inayomjulisha mtumaji kwamba umeifungua. Na kama blogu yako ina ukurasa wa “Andika nasi” wenye kichwa cha Kiingereza (“Write for us”), wao hutafuta maneno hayo hayo. Uweke kwa Kiswahili, uondoe anwani ya wazi, uweke fomu yenye swali dogo la kujibu, kwa mfano Pangani iko mkoa gani. Haitazuia wote. Itawachosha wengi.

Nina blogu ya wageni wanaotembelea Kaole na Mji Mkongwe. Nimeahidiwa dola 60 kwa makala moja yenye linki. Kusema kweli nimeshachapisha mbili za namna hiyo mwaka jana. Nimeharibu? — Msomaji, Bagamoyo

Kuuza nafasi ya tangazo si kosa. Kosa ni kuuza tangazo likavaa nguo za makala. Google haikatazi linki ya kulipiwa mradi umeiwekea alama: tangu 2019 kuna rel="sponsored", na kabla yake, tangu 2005, kuna rel="nofollow", ambayo nayo bado inakubalika. Kwenye WordPress, bonyeza aya yenye linki, fungua vitone vitatu, chagua kuihariri kama HTML, uongeze maneno hayo ndani ya alama ya linki, baada ya anwani. Juu kabisa ya makala andika “Tangazo”, msomaji aone kabla hajaanza.

Mwandikie huyo wa dola 60 masharti hayo. Ama atatoweka, ama atasema mteja wake hataki alama. Hapo utakuwa umejua alichokuwa ananunua. Akikubali, malipo yatangulie. Ahadi ya kulipa baada ya kuchapisha mara nyingi huishia kwenye kimya. Kikomo kiwe cha maandishi, tuseme miezi 12, na pasiwe na kubadilisha linki baadaye. Akikutumia pesa iliyozidi na kukuomba umrudishie chenji, usirudishe kitu: malipo ya kwanza yanaweza kufutwa baadaye, na chenji imetoka kwako kweli. Kasino na kubeti kataa moja kwa moja. Michezo ya kubahatisha nchini inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, na hizo tovuti za ng’ambo huna namna ya kuzithibitisha.

Zile mbili za mwaka jana: fungua kila linki leo hii, uone inakupeleka wapi. Tovuti ya hoteli ya mwaka jana inaweza kuwa imeuzwa na sasa ni ya kamari, na jina lako bado limo juu ya makala. Inayonuka, iondoe. Iliyobaki, iwekee rel="sponsored". Kisha sajili blogu kwenye Google Search Console, ni bure, utazame sehemu ya adhabu za mkono. Ikiwa haina kitu, umemaliza. Huna haja ya kuiandikia Google. Ikiwa ipo inayotaja linki zisizo za kawaida zinazotoka kwenye blogu yako, rekebisha zote kwanza, kisha omba kukaguliwa upya kwa kueleza ulichofanya. Majibu huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Wapo watakaokushauri utumie chombo cha Google cha kukana linki. Hicho ni cha linki zinazokuja kwako. Hizi zinatoka kwako, hakisaidii.

Nimeandikiwa na “mwanasheria” kwamba picha ya jahazi kwenye blogu yangu ni mali ya mteja wake. Hataki fidia, anataka tu niweke linki ya mteja ndani ya siku tano, vinginevyo ni mahakamani. Nilipiga mwenyewe kwa simu yangu! — Msomaji, Bagamoyo

Ni wakala yule yule, safari hii amevaa joho. Mwenye picha halisi hudai iondolewe au alipwe. Dai halali kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani inayotajwa sana, DMCA ya 1998, hutaja kazi inayolindwa, anwani ya ukurasa na saini ya mdai, na linalenga kitu kuondolewa. Kulipwa linki hakumo.

Tunza faili halisi lililotoka kwenye simu: ndani yake kuna tarehe, saa na aina ya kamera. Usimjibu, wala usifungue viambatisho vyake. Kwa picha ambazo hukupiga, kazi ni tofauti. Itafute kwa Google Lens au TinEye, vyombo vya kutafuta kwa picha, uone ilianzia wapi. Ikiwa ya Wikimedia Commons, hazina ya picha zinazoruhusiwa kutumiwa, soma leseni chini yake. Nyingi zinataka utaje mpiga picha na leseni, basi taja. Usipoweza kujua chanzo, itoe.

Mwalimu mstaafu wa Pangani ameomba kuniandikia kuhusu mashamba ya mkonge. Baada ya yote haya naogopa kila mtu. Nimkatae? — Msomaji, Makorora, Tanga

Usimkatae mzee wa watu! Ameandika kwa Kiswahili, ana mada moja inayohusu blogu yako, na hakutaja linki. Mjibu kwa heshima, umwombe muhtasari wa sentensi tano, ukurasa mmoja aliowahi kuandika hata kama ni wa daftari, na picha zake mwenyewe. Maneno 600 hadi 900 yanatosha. Mwambie mapema kwamba utahariri, na kwamba atakuwa na mistari miwili ya utambulisho mwishoni, na linki moja huko chini akiwa na ukurasa wake. Linki ndani ya makala ziwe zile zinazomsaidia msomaji, na uchague wewe.

Makala ikifika, chukua sentensi mbili tatu za katikati, kila moja uiweke kwenye alama za kunukuu na uitafute Google. Ikitokea neno kwa neno kwingine, mrudishie na umwulize chanzo. Kisha kagua ukweli, kwa sababu makala zilizotungwa na mashine huteleza hapo. Inayosema mkonge ni mmea wa asili wa Tanga imeandikwa na asiyejua: uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikitoka Florida. Mwalimu wa Pangani hatakosea hapo, na huenda akakutajia mashamba ambayo hayamo mtandaoni kabisa.

Hakimiliki inabaki kwake msipokubaliana vingine. Kubalianeni kwa barua pepe kwamba hataichapisha kwingine kwa miezi mitatu, na kwamba hutaibadilisha tena bila kumwuliza.