Maziwa huja yanapoitwa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikampa baba yako naye akausoma. Mtoto ametimiza miezi tisa, chupa hajawahi kuionja, kazini wanakutaka mwezi ujao, na umeanza kukamua lakini unaishia kwenye alama ya mililita 30. Unauliza: ununue pampu ya umeme ya pande mbili, au hiyo ya mkono uliyoazima inatosha?

Ya pampu nitafika. Ila ninavyokusoma, kinachokunyima usingizi si pampu. Unaogopa kwamba maziwa yamekauka bila wewe kujua. Hayajakauka, mwanangu. Mtoto anayenyonya kila anapotaka, mchana na usiku, huwa keshachukua chake, na hicho unachokiona kwenye chupa ni cha juu yake. Mama anayenyonyesha muda wote kupata mililita 15 mpaka 60 kati ya kunyonyesha mara moja na nyingine ni jambo la kawaida kabisa. Na mtoto aliyezoea ziwa huyatoa maziwa kuliko mashine yoyote.

Unasema matiti yamelegea, hayajai kama zamani. Ndivyo yanavyotakiwa kuwa sasa. Wiki za mwanzo homoni ndizo zinazoamuru, maziwa yanamwagika hata asiyeyataka. Baadaye ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa: yakikaa ndani linapunguza kasi, yakitoka linaongeza. Nililisema hili dada yako alipojifungua na nitalisema tena, maziwa huja yanapoitwa. Wewe umeanza kuita juzi tu. Lipe ziwa siku kadhaa likusikie.

Liite alfajiri, baada ya mtoto kunyonya mara ya kwanza, maana usiku homoni ya kutengeneza maziwa hupanda na asubuhi ndipo wengi wetu tunapopata zaidi. Shika saa ile ile kila siku. Au mweke mtoto upande mmoja na pampu upande wa pili. Akianza kuvuta, maziwa hushuka pande zote mbili. Ingawa mjukuu wangu ninavyomjua, ataudaka huo mpira wa pampu na kuung'oa.

Haya, pampu. Kama utakuwa mbali naye kutwa nzima kila siku, ya umeme ya pande mbili itakuokolea muda, na muda wa mapumziko kazini huwa mfupi. Lakini angalia kwanza ile sehemu inayokaa kwenye titi. Chuchu iingie na kutoka bila kusuguana na kuta zake, wala isivute ngozi nyeusi nyingi ndani. Ikiuma, saizi si yako au umeizidisha nguvu. Usivumilie maumivu ukidhani ndiyo kazi inafanyika.

Na kabla hujanunua chochote, jifunze mkono. Mimi pampu sikuwa nayo. Nilirudi kazini wewe ukiwa umeanza kusimama kwa kushika meza, nikawa nakamua kwenye chumba cha mafaili, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu kitasa hakikuwa na ufunguo. Kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ule weusi. Unasukuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia. Chuchu yenyewe huivuti. Mwanzoni yanatoka matone, mtu anakaribia kukata tamaa, halafu ghafla mwili unaachia na yanaruka michirizi kadhaa kwa mpigo mmoja. Nikisikia hatua za mtu kwenye korido yanasita. Nikiuwaza uso wako yanarudi. Hiyo si imani ya mama yako tu: oksitosini, homoni inayoyasukuma maziwa nje, huzuiwa na hofu. Ndiyo maana nakwambia uwe na picha yake kwenye simu, au umrekodi akicheka.

Siku moja nikafungua friji ya ofisi nikakuta kikombe changu kimeoshwa na kufunikwa vizuri. Mkubwa mmoja pale, jina lake unalijua na sitaliandika, alikuwa ameyamwaga. Akaniambia mbele ya wenzangu kwamba friji ile ni ya chakula. Ya chakula! Na yale yalikuwa nini? Nilikwenda kwenye sinki, nikakuta utando mweupe umezunguka tundu la maji. Nikafungua bomba, nikausafisha mwenyewe, nikarudi kwenye kiti changu. Baba yako hudhani nimeshasahau. Sijasahau, na nikiandika hapa kifua kinanipanda.

Kesho yake nilikwenda na kibegi changu cha baridi chenye barafu, nikakiweka chini ya meza, na nikaendelea kukamua mpaka ulipoanza kukimbia. Wewe fanya hivyo hivyo, usiitegemee friji ya mtu. Begi lenye barafu za kutosha hutunza maziwa mpaka saa 24. Mezani, chumba kikiwa hakina joto kali, ni saa 4. Kwenye friji ni siku 4, na yakigandishwa yanakuwa bora ndani ya miezi 6. Yakishayeyukia kwenye friji, yaishe ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, kamwe si kwenye maikrowevu. Mafuta yakijitenga juu, zungusha tu chombo taratibu.

Kuhusu kukataa chupa, muache aikatae. Ana miezi tisa, anaweza kikombe. Bibi yako alikukalisha pajani, akagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wako wa chini, akangoja. Hakukumiminia. Ukautoa ulimi, ukaonja, ukashika kikombe kwa mikono miwili na kujimwagia kifuani, na bibi yako akacheka mpaka machozi. Na huyu wako akinywa kidogo mchana usihangaike, chakula anakula, na usiku atalidai deni lake. Mchoshe mumeo, si wewe peke yako, maana mwezi wa kwanza atanyonya usiku kuliko alivyozoea. Mpaka atimize mwaka, maziwa yako bado yanaweza kumpa nusu ya nguvu anayohitaji au hata zaidi.

Sasa kazi. Hukuniuliza, najua. Ningependa usubiri atimize mwaka. Halafu najijibu mwenyewe: mimi nilisubiri? Sikusubiri, na niliipenda kazi yangu, na mshahara ule ndio uliokulipia ada. Lakini mimi mama yangu alikuwa nyumbani, wewe unatafuta wa kumwachia. Lakini pia wewe una mume anayeamka usiku. Naona nazunguka pale pale. Nimemwahidi baba yako kwamba la kurudi au kutorudi ni lenu wawili, basi sisemi. Ukiniuliza waziwazi, hiyo ni habari nyingine.

Ila ukirudi, mwandikie mkubwa wako kabla ya siku ya kwanza. Taja chumba chenye ufunguo, na taja muda. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unampa mama haki ya mapumziko ya kunyonyesha yanayohesabiwa kuwa saa za kazi zenye malipo, katika nchi zilizouridhia. Ulizia sheria ya kwenu inasemaje, uiandike kwenye barua hiyo hiyo. Usiombe kama anayeomba hisani.

Nipigie Jumamosi uniambie alfajiri zimeleta nini. Na hiyo pampu ya kuazima, badilisha vile vipira vyake laini vya ndani kabla hujailaumu. Vikichakaa haivuti vizuri.

Mama yako