Dhahabu Isigeuke Haradali: Maswali Yenu Kuhusu Nakshi za Maandishi

Natengeneza kadi za harusi kwa Photoshop. Majina ya maharusi nikiyatia rangi ya dhahabu yanatoka kama haradali. Nakosea wapi?

Unatafuta rangi moja ya dhahabu, nayo haipo. Chukua bangili uigeuze polepole karibu na dirisha. Utaona kahawia iliyokolea, kisha njano, halafu kimstari kinachokaribia weupe, kisha kahawia tena. Jicho linaijua dhahabu kwa kupokezana huko kwa giza na mwanga.

Bofya mara mbili pembeni ya jina la leya (tabaka) ya maandishi, dirisha la Layer Style lifunguke. Ingia kwenye Gradient Overlay, inayopaka rangi zinazoingiliana, upange namba hizi za rangi kwa mfuatano huu: #6B4A12, #D4A437, #FFF1B8, #D4A437, #6B4A12. Ile ya katikati ibane iwe nyembamba, maana ukiipanua unapata plastiki. Kisha weka Bevel & Emboss, inayozifanya herufi zionekane zimeinuka, pikseli tatu au nne zatosha. Wengi huharibia hapo: wanavuta mpaka herufi zinaumuka kama maandazi.

Ila jua kwamba mng'ao huo ni wa skrini. Wino wa kawaida haung'ai, hivyo kwenye karatasi utapata picha ya dhahabu tu. Mteja akishikilia ing'ae kweli, kuna foili, utando mwembamba unaong'aa unaogandishwa kwa joto, na kwa kazi hiyo mchapaji mpelekee majina kwa rangi nyeusi tupu, bila nakshi hata moja. Kadi ya kawaida ya A5 iandae kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), yaani pikseli 1748 kwa 2480.

Shikamoo fundi. Nimeweka kivuli kwenye jina na kwenye tarehe, lakini kadi imekaa ovyo na sijui kwa nini.

Marahaba. Angalia vivuli vinaangukia wapi. Nadhani kimoja kimelala kulia na kingine kushoto. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka bango la kicheni pati lenye kosa hilo, bibi mmoja akalitazama akaniuliza, "Kwenu jua linachomoza pande ngapi?" Tangu siku hiyo kisanduku cha Use Global Light nakitia tiki kabla ya kugusa kitu kingine, ili vivuli vyote vifuate pembe moja.

Tena usikifanye cheusi tii. Chukua rangi ya mandhari yako uikoleze, kisha ushushe uzito wake (Opacity) mpaka asilimia 35 hivi.

Nataka jina la duka langu la vitambaa lionekane limekatwa kwenye kanga. Inawezekana?

Swali tamu hili. Kwanza ipige kanga pasi, uitandaze kivulini nje na uipige picha kwa juu. Kwenye Photoshop andika jina, weka picha ya kanga kwenye leya ya juu yake, halafu shikilia Alt ubofye kwenye mstari unaotenganisha leya hizo mbili. Kanga itaingia ndani ya herufi. Kwa GIMP, programu ya bure ya kazi kama hizi, bofya kulia leya ya maandishi uchague Alpha to Selection, uhamie leya ya kanga, uongeze Layer Mask, yaani kinyago kinachoficha sehemu za leya, inayotokana na Selection.

Kazi iliyobaki ni ya jicho. Mji wa kanga mara nyingi una ua kubwa au embe, na herufi moja itaumega ua hilo mpaka lisijulikane ni kitu gani. Pindo lina vinakshi vidogo vinavyojirudia, kwa hiyo huwa linafaa zaidi. Jina la kanga lenyewe liache nje kabisa, la sivyo una maandishi mawili yanayogombana. Fonti iwe nene, ya mwandiko wa mkono haina nafasi ya kubeba nakshi. Maliza kwa Stroke, mstari unaozunguka herufi, uwe mwembamba, rangi uitoe humohumo kwenye kanga.

Photoshop siimudu bei. Nifanyeje?

Pakua GIMP, ni bure. Chukua toleo la 3.0 la mwaka 2025 au la baadaye, ambalo chombo chake cha maandishi kinazungushia herufi mstari chenyewe, bila kuhitaji ujanja mwingine. Kompyuta ikiwa dhaifu kubeba programu, jaribu Photopea, inafunguka ndani ya kivinjari na mpangilio wake unafanana sana na Photoshop.

Nikiliweka jina juu ya picha ya maharusi linakuja na boksi jeupe nyuma.

Umelihifadhi kama JPEG, ambayo haijui uwazi. Zima leya ya mandhari, uhifadhi kama PNG. Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp, litume kama hati. Likienda kama picha litabanwa, na kingo ulizokesha kuzinyoosha zitafika zimechakaa.

Je, fonti ile ya mikunjomikunjo naweza kuiandika yote kwa herufi kubwa?

Hapana. Andika MWANAHAMISI kwa fonti hiyo, kisha umpe mtu asiyemjua bibi harusi akusomee.