Injini imechoka na tela halipandi mlima, nibadilishe?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina Hilux ya zamani yenye 3L, ile dizeli ya 2.8 isiyo na tabo (ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), navutia tela ambalo likijaa linafika kama tani moja na nusu. Zamani mlima ilikuwa inapanda na gia ya tatu vizuri tu, siku hizi hata ya pili inalia, moshi mweusi nyuma, na oili naongeza kila wiki. Rafiki yangu anasema nitoe hiyo injini niweke 1KZ ya tabo eti nitasahau kama nina tela nyuma. Ni kweli? Na giaboksi itabaki hiyohiyo?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kwenye nguvu rafiki yako hajadanganya. 3L hata ikiwa mpya kabisa torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni karibu Nm 190 hivi, 1KZ-TE inakupa karibu 300 na inazitoa mapema, karibu na mizunguko 2000 kwa dakika, yaani palepale unapozihitaji ukiwa unaondoka na mzigo. Kwenye kuvuta hosipawa usiihangaikie sana, angalia torki.

Lakini usishushe injini bado! Moshi mweusi ni dizeli ambayo haijaungua yote, ina maana hewa haitoshi au nozeli zinakojoa badala ya kunyunyiza, na hiyo peke yake inatosha kuua mlima wako. Anza na filta ya hewa, filta ya dizeli, halafu nozeli zipimwe kwenye mashine. Klachi nayo, kama ukikanyaga mafuta injini inapaa ila gari haliongezi mwendo basi inateleza na hata ukiweka injini mpya shida itabaki palepale. Baada ya hapo ndio kompresheni, yaani jinsi silinda zinavyobana hewa. Injini ya dizeli iliyo nzima husoma psi 400 hivi, na silinda zisipishane sana, moja ikiwa chini mbali na wenzake hapo kuna jambo. Fungua pia kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, moshi ukitoka kwa kusukumwa kama mtu anapumua basi ringi za pistoni zimekwisha. Kuhusu oili unayoongeza, kama huoni moshi wa bluu angalia kwanza chini kama haivuji, watu wengi wamefungua injini kumbe ni sili tu.

Tuseme umepima na kweli imekwisha. Kama utaweka 1KZ chukua na giaboksi yake, waya zake na kontrol boksi yake (kompyuta ya injini), maana pampu yake inaongozwa kwa umeme, sio ya kufunga tu na kuwasha kama hiyo yako, na giaboksi yako haikutengenezewa nguvu ile, itavumilia kidogo halafu itaanza kulia. Maunti nazo, vile vishikio vya injini, zitatengenezwa upya. Na hapa naomba unisikilize sana: 1KZ inajulikana kwa kupasua silinda hedi, na kinachoipasua ni joto, sasa wewe unataka kuipandisha mlima na tani moja na nusu nyuma, kwa hiyo rejeta ndogo ya 3L usiifikirie kabisa, weka kubwa na mpya, thamostati mpya, na feni iwe inashika vizuri. Injini ya mtumba ipimwe kompresheni kabla hujalipa, na taimingi belti, wota pampu na sili ya nyuma zibadilishwe ikiwa bado iko chini, ukishaifunga kuifikia sili ya nyuma ni kushusha giaboksi tena.

Mimi binafsi ningefanya ovahoo ya hiyohiyo 3L, yaani kuifungua na kuifufua upya, halafu nikabadilisha difu, zile gia za kwenye ekseli. Ukitoka uwiano wa 4.1 (shafti inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja) kwenda 4.56 nguvu inayofika kwenye tairi inaongezeka kwa asilimia 11 hivi bila kugusa injini, ila kama ni fobaifo lazima ubadilishe ya mbele na ya nyuma pamoja, zikipishana utavunja kitu, na spidomita itaanza kusoma zaidi ya mwendo wako halisi. Kasi ya juu itapungua, kwa mtu wa tela sioni kama ni hasara.

Ila kitu ambacho hukuniuliza na ndicho kinanipa wasiwasi ni breki. Injini kubwa haiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kuvuta, ule umeandikwa kwa kuangalia chesi, breki na hitch (kiungo cha kuvutia tela), na utabaki uleule. Nchi nyingi tela lisilo na breki zake mwisho wake ni kilo 750, la kwako ni mara mbili ya hapo. Kama halina breki, hela ya kwanza iende huko kabla ya injini yoyote, kwa sababu mlima unaoupanda lazima utaushuka.

Ukimaliza kupima niandikie namba za silinda zote nne, uwiano wa difu yako, na kama tela lina breki au halina.